Nani Ahesabiwe: Uanuwai na Ujumuishi katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Chuo kikuu, kwa asili yake, ni taasisi inayochagua. Huchagua nani adahiliwe na nani akataliwe, nani aajiriwe kufundisha, kitabu gani kisomwe, lugha gani itumike darasani na nani avishwe joho siku ya mahafali. Na kwa kuwa kila uchaguzi humwacha mtu nje, mjadala wa uanuwai na ujumuishi hauwezi kuishia kwenye hisani na tabia njema, kwa sababu ndani yake mna suala la kanuni za kuchagua, waliozitunga na wanaozisimamia. Uanuwai katika mhadhara huu una maana ya hali ya jumuiya moja kuwa na watu wanaotofautiana kwa jinsia, asili, dini, lugha, hali ya mwili, umri na uwezo wa kiuchumi. Ujumuishi ni mipango inayowawezesha watu hao wote kushiriki katika kazi za jumuiya hiyo, kunufaika nayo na kuwa na sauti katika kuiendesha. Hali ya kwanza yaweza kuwapo bila ya pili, na ndivyo ilivyo katika vyuo vingi vya ukanda huu, ambako orodha ya waliodahiliwa hupendeza kuliko orodha ya waliohitimu.

Hoja itakayotetewa ni kwamba historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu ina mafunzo mawili yanayovutana: makundi yaliyokuwa nje ya chuo yaliingia kwa wingi pale tu mtu mwenye mamlaka alipokubali kuyahesabu na kubadili kanuni kwa ajili yao, na wakati huohuo hesabu ya namna hiyohiyo imewahi kutumika kuwafungia watu nje, kuwafukuza, na hata kuwatafuta ili wauawe. Anayesimamia ujumuishi chuoni hana budi kuyashika mafunzo yote mawili kwa pamoja, kisha aamue ni jambo gani lihesabiwe, lihesabiwe na nani, na matokeo yake yafanyiwe nini.

Makerere, kilicho kikongwe kuliko vyuo vingine vya Afrika Mashariki, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wa kiume, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na kaulimbiu ya chuo, iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume kwelikweli, haikumshangaza mtu. Mwaka 1945 walipopokewa wanawake sita wa kwanza, kaulimbiu hiyo ilibadilishwa ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Badiliko hilo laweza kuonekana dogo, lakini lina uzito wake, kwa kuwa chuo kilikiri kwamba maneno yaliyodhaniwa kuwa ya wote yalikuwa ya nusu ya watu, na ukiri wa namna hiyo si jambo ambalo taasisi hulifanya kwa hiari mara nyingi. Pamoja na hayo, wanawake waliendelea kuwa wachache kwa miaka 45 iliyofuata, maana hakuna aliyegusa kanuni ya udahili yenyewe.

Kanuni hiyo iliguswa mwaka 1990, Uganda ilipoamua kwamba kila mwanamke anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha umma aongezewe pointi 1.5 juu ya jumla ya pointi alizopata katika mtihani wa kumaliza sekondari ya juu. Hatua kama hii inaweza kuitwa upendeleo wa kurekebisha, yaani nafuu inayotolewa kwa makusudi kwa kundi lililobaguliwa kwa muda mrefu ili lifikie pale ambapo lingekuwa kama ubaguzi usingekuwapo. Utaratibu wake unafaa kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu hadi leo wapo wanaoamini kwamba uliwaingiza chuoni watu wasiofaulu. Pointi hizo hazikumpa sifa mtu asiye nazo: aliyenufaika alikuwa tayari ametimiza kiwango cha chini cha kudahiliwa kama mwenzake wa kiume, ila nafasi zilikuwa chache kuliko waliostahili, na pointi 1.5 zilimsogeza mbele katika foleni ya watu waliofaulu wote. Matokeo yalionekana haraka, kwani wanawake, waliokuwa kiasi cha robo tu ya wanafunzi wa Makerere, walikaribia nusu katika muda usiofika miaka 15.

Dosari yake ilionekana pia. Walionufaika zaidi walikuwa mabinti wa familia zenye uwezo, waliosoma katika shule nzuri za mijini na ambao wengi wao wangeweza kupata nafasi hata bila ya nyongeza hiyo, ilhali binti wa kijijini aliyeacha shule akiwa darasa la saba au kidato cha pili hakuwa na pointi zozote za kuongezewa. Uganda ilijaribu kulijibu tatizo hilo mwaka 2005 kwa kuzigawa upya nafasi 4,000 zinazolipiwa na serikali: nafasi 3,000 ziliendelea kushindaniwa kitaifa, 896 zikatengwa kwa mgawo wa wilaya, 64 kwa watu wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Haukupita muda mrefu kabla ya malalamiko kusikika kwamba wapo wazazi wa mjini wanaowapeleka watoto wao kufanyia mtihani wilaya za mbali ili waingie kwa mgawo usio wao. Kanuni ilihesabu mahali pa kufanyia mtihani, na wajanja wakahamia hapohapo penye kuhesabiwa.

Dar es Salaam ilipita njia nyingine, yenye fundisho la pekee. Chuo kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15, kilikusudiwa tangu mwanzo kuwa chombo cha taifa jipya; na hata baada ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kati ya 1963 na 1970, na kuhamia Mlimani, suala lililowasumbua viongozi lilikuwa lilelile, yaani hofu kwamba wasomi wangegeuka tabaka lililojitenga na wakulima na wafanyakazi wanaolipia masomo yao. Mgomo wa Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na mamia yao wakarudishwa makwao, uliizidisha hofu hiyo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, iliyokutana Musoma, iliazimia kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi, apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama, ndipo aombe nafasi.

Azimio la Musoma lilikuwa hatua ya ujumuishi kwa nia na kwa maneno, kwa sababu lilitaka chuo kimpokee mfanyakazi mwenye uzoefu, aliye mtu mzima, badala ya kijana anayetoka bweni moja kwenda jingine. Hakuna sentensi ndani yake iliyomtaja mwanamke. Hata hivyo idadi ya wanawake waliodahiliwa ilianguka, na sababu haikuwa ngumu kuipata: miaka aliyotakiwa kuisubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na barua za mapendekezo alizotakiwa kuzileta zilikuwa mikononi mwa mabosi na makatibu ambao karibu wote walikuwa wanaume. Miaka michache tu baadaye serikali ililazimika kuwaondolea wanawake sharti hilo ili waingie chuoni moja kwa moja. Tukio hili ni zito katika historia ya elimu ya juu Tanzania kuliko linavyokumbukwa, kwa kuwa lilithibitisha kwamba kanuni isiyombagua mtu kwa maandishi yaweza kumbagua kwa matokeo, na kwamba jambo hilo lisingejulikana kama hakuna aliyewahesabu wanawake kabla na baada.

Katika mwaka wa masomo 1996/97 Kitivo cha Sayansi cha chuo hichohicho kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokuwa na sifa za chini za kudahiliwa lakini hawakufikia alama za ushindani: waliitwa, wakafundishwa kwa wiki kadhaa fizikia, kemia, hisabati na masomo mengine ya sayansi, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Ukilinganishwa na utaratibu wa Uganda, huu wa Dar es Salaam uligharimu fedha nyingi zaidi na uliwafikia watu wachache zaidi, lakini ulikuwa bora, kwa maana uliongeza maarifa badala ya pointi, na msichana aliyeupitia aliingia maabara akiwa ameshashika bika na bureti, vifaa ambavyo huenda shuleni kwake aliviona kwenye picha za kitabu tu.

Hadi hapa hesabu imeonekana kuwa rafiki wa aliye nje. Historia ya Rwanda na Burundi inamlazimisha msomaji asiharakishe kuridhika.

Nchini Rwanda vitambulisho vilivyotaja kabila la mwenyewe vilianzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, na baada ya uhuru mwaka 1962 serikali za Jamhuri ziliendelea navyo. Chuo Kikuu cha Taifa kilichofunguliwa Butare mwaka 1963 kilikuwa bado kichanga wakati, mwanzoni mwa 1973, kamati zilizojiita za wokovu wa umma zilipobandika orodha za majina ya Watutsi kwenye mbao za matangazo za shule na za chuo, na waliotajwa wakatakiwa waondoke. Wengi walikimbilia Burundi, Uganda, Zaire na kwingineko. Utawala wa Juvénal Habyarimana, ulioingia madarakani Julai mwaka huohuo, uliifanya hesabu hiyo kuwa sera rasmi iliyoitwa ya ulinganifu wa kikabila na kimaeneo, ambapo nafasi za sekondari na chuo ziligawiwa kwa uwiano wa makabila na mikoa. Sera ilitangazwa kwa lugha ya haki, kwamba inarekebisha upendeleo wa kikoloni uliowanufaisha wachache, na ni kweli kwamba upendeleo huo ulikuwapo. Kwa vitendo iliweka dari juu ya vichwa vya Watutsi na kuyapendelea maeneo ya kaskazini alikotoka rais. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho vilevile vilivyotumika kugawa nafasi za masomo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe, na Butare, mji wa wasomi, haukusalimika. Walimu na wanafunzi waliuawa, na wapo walimu na wanafunzi walioshiriki katika kuua.

Burundi ilikuwa imekwisha pitia msiba wake kwa upande wa pili. Mwaka 1972, katika mauaji yaliyowalenga Wahutu wenye elimu, wanafunzi waliitwa kwa majina kutoka madarasani na mabwenini, chuo kikuu cha Bujumbura kikiwamo, wakachukuliwa wasirudi. Kwa kizazi kizima baada ya hapo, mzazi wa Kihutu aliyempeleka mwanawe shule alijua kwamba alikuwa anamwandikisha katika orodha.

Baada ya misiba hiyo majirani hawa wawili walichagua njia zinazopingana. Rwanda ilifuta kabila katika vitambulisho na kuupiga marufuku ubaguzi wa kikabila katika udahili; Burundi, kufuatia Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, iliandika waziwazi katika Katiba ya 2005 kwamba serikali na Baraza la Wabunge viwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40. Mmoja aliamua kunyamaza, mwingine akaamua kusema kwa tarakimu. Wanazuoni wanaodai kwamba njia moja kati ya hizo ndiyo sahihi mahali pote wana kazi kubwa ya kuthibitisha, kwa sababu kila moja ina gharama yake: kimya huficha upendeleo unaoendelea, na tarakimu humfanya kijana aliyezaliwa baada ya vita ajitambulishe kwa jina la vita.

Kenya ipo karibu zaidi na njia ya kuhesabu. Kufuatia ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 7 kinaikataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja ya kikabila. Tume iliyoundwa na sheria hiyo, NCIC, ilipokagua vyuo vikuu vya umma ilikuta vingi vimeivuka theluthi hiyo, na kwamba kwa kawaida jamii iliyozidi ni ile inayoishi katika eneo chuo kilipojengwa. Ujenzi wa haraka wa vyuo vikuu uliofuata Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ulilikuza tatizo hili, kwani kila kaunti ilikitazama chuo chake kama mradi wa maendeleo wa wenyeji, pamoja na ajira, zabuni na uongozi wake. Mwaka 2016 huko Eldoret wanasiasa wa eneo waliandamana hadharani kupinga uteuzi wa kaimu makamu mkuu wa chuo kikuu cha umma kwa kuwa hakuwa mwenyeji wa hapo.

Wanafunzi wa Kenya wana hali tofauti na ya walimu wao, maana wao hupangiwa nafasi na chombo cha kitaifa, KUCCPS, kwa alama za mtihani na chaguo la mwombaji, hivyo kijana wa Kisii hujikuta Maseno, Kilifi au Garissa pamoja na wenzake wa pande zote za nchi. Mchanganyiko huo ndio uliolengwa na washambuliaji wa Al-Shabaab walipoingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotoka mbali, baada ya kuwatenganisha Waislamu na wasio Waislamu. Waliosalimika walihamishiwa Eldoret, na chuo kikafungwa hadi Januari 2016. Uamuzi wa kukifungua tena unastahili sifa kuliko uliyopewa, kwa sababu kukifunga moja kwa moja kungekuwa na maana ya kuwakubalia wauaji kwamba Kaskazini Mashariki si mahali pa kila Mkenya, na kungewanyima vijana wa Garissa wenyewe chuo kikuu cha umma kilichokuwa karibu nao.

Kuhusu theluthi ya Kenya, hukumu ya haki ni kwamba, ingawa huvunjwa mara nyingi, imeelekezwa panapostahili, yaani kwenye ajira na madaraka, ambako mwenye nguvu huwaajiri jamaa zake na kuita jambo hilo uwezo. Kuipeleka kanuni hiyo kwenye udahili wa wanafunzi kungekuwa kosa, kwa kuwa mwanafunzi ni kijana anayeomba asomeshwe na hana ajira ya kumgawia mtu yeyote.

Tanzania ilichagua kimya, na ilikichagua mapema. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza wananchi kabila na dini zao. Kwa upande wa elimu, serikali ilizitaifisha shule za misheni, ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mgawo wa mikoa na wilaya ili Kilimanjaro na Kagera, zilizokuwa na shule nyingi tangu ukoloni, zisijaze nafasi zote, na ikawasomesha vijana katika shule za bweni mbali na kwao. Kwa hiyo Tanzania nayo ilihesabu, ila ilihesabu mahali mtu alipotoka shule badala ya ukoo wake, na tofauti hiyo ilikuwa na busara ndani yake, kwa sababu upungufu wa shule ni jambo ambalo serikali inaweza kulimaliza, ilhali kabila la mtu haliwezi wala halipaswi kumalizwa.

Kimya hicho kina deni ambalo halijalipwa. Tangu enzi za ukoloni, elimu ya kisasa ilipokuwa mikononi mwa misheni, Waislamu wa Tanganyika walikuwa nyuma katika kufika sekondari na chuo, na malalamiko kwamba pengo hilo halijazibwa yamedumu hadi karne hii. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliyakabidhi kwa taasisi ya Kiislamu majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme, TANESCO, mjini Morogoro, na hapo kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, hatua iliyopokewa vizuri ingawa haikujibu swali la vyuo vya umma. Kwa kuwa hakuna takwimu rasmi za dini, wanaolalamika huhesabu wenyewe kwa kusoma majina katika orodha za waliochaguliwa, na wanaowapinga hujibu kwa majina mengine. Ubishi wa namna hii hauna mwisho, kwa sababu jina halithibitishi dini na orodha moja haithibitishi mwenendo. Njia inayoelekea kufaa ni kuchunguza mambo yaliyo chini ya malalamiko hayo, hasa ubora wa shule katika wilaya za pwani na kusini, idadi ya walimu wa sayansi waliopo huko, na idadi ya watahiniwa wanaofaulu na kuomba nafasi, mambo ambayo yanahesabika bila kumuuliza mtu anasali wapi.

Kutokana na mifano hiyo inawezekana kuweka kigezo. Chuo kikuu kihesabu hali ambazo chenyewe au serikali inaweza kuzibadilisha: jinsia inayokutana na vikwazo vinavyojulikana, ulemavu, aina ya sekondari ambayo mwanafunzi alitoka, iwe ya kata, ya serikali yenye vipaji maalumu au ya binafsi inayotoza mamilioni, kipato cha familia, na hali ya ukimbizi. Kisihesabu ukoo wa mwanafunzi. Na hesabu ikifanyika isiishie siku ya udahili, maana hapo ndipo vyuo vingi vinapokosea.

Ulemavu unalionyesha jambo hili kuliko kitu kingine chochote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila kubaguliwa na wanafanyiwa marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko mahususi ya mazingira, vifaa au utaratibu yanayomwezesha mtu fulani kushiriki bila kuitwisha taasisi mzigo usiobebeka. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, kisha Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Sheria zipo. Majengo ya miaka ya 1960 na 1970, yenye ghorofa na ngazi na yaliyotapakaa kwenye vilima, nayo yapo, na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu ambaye semina yake imepangwa ghorofa ya tatu amedahiliwa kwenye karatasi tu. Mara nyingi dawa yake haihitaji lifti wala mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji ofisi ya ratiba ipewe orodha ya wanafunzi wa namna hiyo wiki moja kabla ya muhula kuanza ili vipindi vyao vipangwe vyumba vya chini.

Kwa wasioona, kikwazo kikubwa ni vitabu. Kitabu kilichochapwa kinapaswa kugeuzwa kuwa breli, yaani maandishi ya nukta nundu, au sauti, au faili linaloweza kusomwa na kompyuta, na kwa miaka mingi sheria za hakimiliki ziliwatia hofu wakutubi waliotaka kufanya hivyo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliondoa kikwazo hicho kwa kuziruhusu maktaba na taasisi za elimu kutengeneza nakala za namna hiyo na kuzipeleka nchi nyingine wanachama bila ya kuomba ruhusa ya mwenye haki; Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Maana yake ni kwamba kitabu cha sosholojia kilichobadilishwa Nairobi kinaweza kutumika kihalali Dar es Salaam na Kampala, na hakuna sababu ya vyuo vitatu kuchapa upya kurasa zilezile. Ushirikiano huo ungekuwa kazi nyepesi kwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, na ungekuwa na manufaa kuliko makongamano mengi. Wanafunzi wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, wanahitaji jambo dogo zaidi: karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa na kiti cha mbele kisichopigwa na mwanga wa dirishani.

Umaskini nao hujificha ndani ya geti. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, imewafikisha chuoni vijana ambao wazazi wao wasingeweza kulipa hata ada ya muhula mmoja, na fedha ya kujikimu, maarufu kama bumu, huwalisha si wao tu bali wakati mwingine na wadogo zao waliobaki nyumbani. Bumu likichelewa, darasa hupungua. Aliyekosa chumba hubebwa, kama wasemavyo wanafunzi, yaani hulala kwa siri katika kitanda cha mwenzake, na menejimenti hulitazama jambo hilo kama kosa la nidhamu. Kenya ilipoleta mfumo mpya wa ufadhili mwaka 2023, uliowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na kipato cha familia, wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi la wenye uwezo ilhali hawana. Kupima umaskini kwa fomu, bila mtu anayeijua familia kuulizwa, ni kuhesabu kusikokamilika.

Kisha kuna lugha. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata yenye walimu wachache, huketi chuoni pamoja na aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Anaelewa mhadhara, lakini kwenye semina hanyanyui mkono, na mhadhiri huandika kwamba hashiriki. Katika idara za Kiswahili, ambako mihadhara, semina na tasnifu huendeshwa kwa Kiswahili, ukimya huo hauonekani. Kuruhusu semina za mwaka wa kwanza ziendeshwe kwa Kiswahili, huku maandishi yakibaki kwa Kiingereza, ni jaribio linaloweza kufanywa na idara yoyote bila kusubiri sera ya taifa.

Rushwa ya ngono nayo ina nafasi katika mjadala huu, ingawa mara nyingi huwekwa kando kama suala la maadili. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nchini Tanzania kinalifanya kuwa kosa la jinai tendo la mwenye mamlaka kudai upendeleo wa kingono kama sharti la kutoa haki au huduma. Msichana anayefelishwa kwa kukataa hutokea kwenye takwimu kama aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, baadaye kama aliyedisko, yaani aliyeondolewa masomoni kwa kufeli. Hesabu ya udahili inayosifiwa kila mwaka haimwonyeshi. Njia ya kumwona ni kusahihisha mitihani kwa namba bila majina, na kuhakikisha kwamba hakuna alama ya kufeli inayopitishwa kwa saini ya mtu mmoja.

Vyuo vikuu vya umma katika ukanda huu huchapisha idadi ya waliodahiliwa kwa jinsia, na baadhi huchapisha ya wenye ulemavu. Seneti, chombo cha juu cha taaluma, inayo mamlaka ya kudai orodha ya pili kabla ya kuidhinisha matokeo ya kila mwaka: waliodisko, walioahirisha masomo na walioacha kimyakimya, wakichambuliwa kwa jinsia, ulemavu, aina ya sekondari na chanzo cha ada, bila jina la mtu. Karatasi hiyo haihitaji bajeti mpya, kwa kuwa taarifa zake zote zimo tayari katika ofisi ya msajili. Wajumbe wa seneti, na serikali za wanafunzi zenye wawakilishi ndani yake, waidai katika kikao kijacho.